Jina Hili Halipo

Tabea Pallangyo hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Hunywa nusu, huinuka, huchungulia dirishani, na akirudi chai imeshapoa, basi humimina nyingine. Mama yake, Rachel, anayeishi bado kule Akheri, mlimani Meru, kwenye kahawa na migomba ya ukweni, husema mtoto huyu alipokuwa akibebwa mgongoni alimpiga mateke ya mbavu kama abiria aliyepitilizwa kituo. Shuleni walimkalisha dawati la mwisho kwa sababu ya kutikisa miguu. Hata kanisani, mahubiri yakizidi kidogo, utamwona anahesabu vioo vya dirisha.

Kompyuta peke yake ndiyo iliyoweza kumshika, na yenyewe kwa muda tu. Alimaliza stashahada mjini Arusha, akaajiriwa na kampuni ya watalii kutengeneza tovuti yao, akaacha. Akaenda kwenye hoteli moja, akaacha pia. Mwisho alikodi chumba Levolosi, akaweka meza mbili na feni, akaanza kufanya kazi zake mwenyewe: tovuti za shule, za nyumba za wageni, moja ya kwaya. Wenzake aliosoma nao walikuwa wakisema, "Tabea angetulia angefika mbali." Yeye aliposikia hivyo alicheka, lakini maneno hayo yalimkaa.

Siku moja aliitwa na Azim. Azim ana stesheneri katikati ya mji, duka alilolianza babu yake kwa kuuza madaftari na vitabu vya shule. Siku hizi kazi kubwa pale ni kutoa kopi, kuprinti na kupiga picha za paspoti. Chini ya kaunta Azim alikuwa na katoni iliyojaa karatasi za watu. Mtu anakuja mbio na cheti chake, anatoa kopi, anachukua kopi, anaondoka. Cheti halisi kinabaki kwenye kioo cha mashine, kimefunikwa. Humo mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa, leseni za udereva, vitambulisho vya taifa, kadi za kliniki za watoto, hata hati ya kiwanja. Baba yake Azim alikuwa amekataza kutupa hata kimoja. Aliyekuja kuulizia alimwagiwa katoni nzima juu ya kaunta, wakachakura pamoja yeye na Azim mpaka kipatikane au wakate tamaa. Kisha maduka mengine ya mtaa ule yakaanza kuleta vya kwao, na katoni zikaongezeka.

"Shikamoo mzee," Tabea alimwamkia.

"Marahaba. Njoo uone aibu yangu." Azim alimwonyesha zile katoni. "Nataka mtu akiwa Karatu, akiwa Monduli, aweze kujua karatasi yake iko kwangu kabla hajalipa nauli. Aandike jina kwenye simu, aambiwe ipo au haipo. Basi. Inawezekana?"

"Inawezekana sana," Tabea alisema, na tayari alikuwa amesimama.

Kazi ile ilimchangamsha. Kwa siku kadhaa hakuwa akila vizuri. Alikaa nyuma ya duka la Azim na katoni miguuni, akisoma jina kwenye kila karatasi na kuliingiza kwenye kompyuta, vidole vikikimbia. Majina mengi aliyafahamu, maana yalikuwa majina ya kwao, ya mlimani. Na kwa kuwa aliyafahamu, alikuwa akiyanyoosha bila kuwaza. Palipoandikwa Sifael aliandika Sifaeli. Abdieli ya mtu ikawa Abdiel kwa sababu ndivyo anavyojiandika mjomba wake. Aliona ni usafi.

Kisha akatengeneza kisanduku cha kutafutia. Kilikuwa kizuri, cheupe, katikati ya ukurasa. Mtu aandike majina yake matatu, abonyeze. Yakilingana na yaliyomo, aambiwe aje dukani. Yasipolingana, yatokee maneno mekundu: *Jina hili halipo*. Maneno hayo aliyachagua haraka akiwa anafunga begi. Yalikuwa mafupi, hayana utata. Alijaribu kwa jina lake mwenyewe, Tabea Elirehema Pallangyo, likatokea papo hapo. Akafunga kazi.

Mwanzoni kila mtu alifurahi. Dereva mmoja wa lori alipata leseni aliyokuwa ameshaisahau. Mama mmoja kutoka Ngaramtoni alipata kadi ya kliniki ya mwanawe, akacheka mpaka akashika ukuta. Azim alibandika karatasi kubwa kwenye kioo cha duka: UMEPOTEZA KARATASI? ANDIKA JINA LAKO KWENYE TOVUTI YETU. Katoni akazifungia kwenye kabati la ndani, akaweka kufuli. Hakukuwa tena na haja ya kumwaga vitu juu ya kaunta. Aliyekuja kuulizia alionyeshwa ile karatasi ya kiooni.

Tabea alitakiwa kuendelea na kazi nyingine, tovuti ya nyumba ya wageni. Alifungua, akaandika kidogo, akafunga. Kuna kitu kilikuwa kinamwasha na hakujua ni nini. Akawa anarudi kila mara kwenye ukurasa ambao ni yeye tu aliyeweza kuuona, unaoonyesha watu wameandika nini kwenye kile kisanduku na wamejibiwa nini. Majibu mengi yalikuwa halipo. Alijiambia ni kawaida. Vitu vingi vilivyopotea Arusha haviko kwa Azim, itakuwaje vyote viwe kule? Alifunga ukurasa, akaenda sokoni kununua nyanya ambazo hakuzihitaji, akarudi, akafungua tena.

Ndipo alipoona kuna mtu mmoja aliyerudi na kurudi, kwa simu ileile, ingawa namba yake haikuonekana.

*Nice Melkizedeck Nnko*. Halipo.

*NICE MELKIZEDECK NNKO*. Halipo.

*Nice Nnko*. Halipo.

*Nnko Nice*. Halipo.

Siku iliyofuata mtu huyo alikuwa ameandika *cheti cha nice*. Kisha *cheti cha form four cha Nice Nnko naombeni*. Halipo. Halipo. Na mara ya mwisho kabisa, baada ya hapo hakurudi tena, alikuwa ameandika: *nipo jamani*.

Hata hilo tovuti ilikuwa imelijibu. Jina hili halipo.

Tabea alisimama. Alitoka bila kufunga kompyuta, akakata mitaa kwa miguu mpaka kwa Azim, akapita foleni ya wanafunzi waliokuwa wakisubiri kuprinti.

"Mzee, naomba ufunguo wa kabati."

"Kuna nini?"

"Naomba ufunguo kwanza."

Alichakura kwenye katoni ya pili, akakipata. Cheti cha kidato cha nne, kisafi, hakina hata kunjo. NICE MELKIZEDECK NNKO. Kwenye kompyuta yeye Tabea alikuwa ameliandika Nice Melkizedeki Nnko, vile linavyotamkwa Akheri, na mashine kwa kuwa haijui kutamka ilikuwa imeona ni watu wawili tofauti.

Azim alikishika kile cheti, akatazama picha ndogo ya msichana aliyekaza macho.

"Huyu binti alikuja hapa," alisema.

"Alikuja dukani?"

"Alisimama hapo ulipo. Alisema ametoa kopi maduka kadhaa siku ile, hakumbuki alikiacha wapi. Mimi..." Azim alionyesha kwa kidole ile karatasi ya kiooni, akakishusha kidole. "Nilimwambia, andika jina lako tu, mashine itakwambia. Zamani ningemmwagia katoni. Tungekipata kabla maji ya chai hayajachemka."

Akaketi kwenye kigoda cha mteja. Wanafunzi kwenye foleni wakaanza kuguna.

Cheti hakina anwani ya mtu, na tovuti haikuwa ikiuliza namba ya simu. Tabea hakuwa ameona sababu. Alichokuwa nacho ni jina tu. Siku ileile alipanda gari mpaka Tengeru, akachukua bodaboda kupanda Akheri, na mama yake akamkuta mlangoni amesimama, kiatu kimoja bado kina tope.

"Mama, unamjua Melkizedeki Nnko mwenye binti anaitwa Nice?"

"Nawe, salamu hakuna?" Rachel aliuliza. Alikuwa anamenya ndizi. "Nnko hapa wamejaa kila kihamba, kila shamba. Melkizedeki yupi? Mmoja alishafariki. Mwingine alihamia Kahama. Labda yule aliyekuwa mzee wa kanisa, wa kule juu, karibu na mfereji. Huyo ana mabinti. Kaa basi ule, ndizi zinaiva sasa hivi."

"Nitakula nikirudi."

"Hutarudi," mama yake alisema, na ni kweli hakurudi.

Alimkuta Melkizedeki nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe magome ya mgomba. Mzee mrefu, koti la zamani, buti za mvua. Tabea alimwamkia, akajitambulisha ni binti wa nani, kisha akatoa cheti kwenye bahasha.

Mzee alisogea, akakisoma kikiwa mkononi mwa Tabea. Hakukishika.

"Mikono yangu ina utomvu," alisema. "Kitaharibika. Umekitoa wapi?"

Tabea alimweleza. Alieleza vibaya, ya mwisho yakitangulia na ya mwanzo yakifuata nyuma, mara duka, mara tovuti, mara herufi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kilikuwepo muda wote."

"Kilikuwepo, baba."

"Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Siku ya kuripoti wakataka cheti chenyewe, hawakutaka kopi. Wakampa siku chache akitafute. Akatafuta. Siku zikaisha, wakamwambia aje mwaka mwingine." Mzee aliegemeza panga kwenye mgomba. "Alikaa ndani humu analia. Kisha akaacha kulia, na hapo ndipo niliogopa. Yuko Ngaramtoni kwa shangazi yake, wanauza maharage. Mpelekee mwenyewe. Mimi usinipe."

Tabea aliomba namba ya simu. Mzee akampa, lakini ilipigwa siku nzima haipokelewi. Siku ya soko Ngaramtoni ilipofika, Tabea alikuwa pale watu bado wanashusha magunia. Alizunguka. Upande wa maharage aliuliza, akaelekezwa, akarudi nyuma, akaelekezwa tena. Nice alikuwa amesimama nyuma ya magunia akipima kwa debe, kilemba kichwani, vumbi limemwingia kwenye kope. Kwenye picha ya cheti alikuwa mnene zaidi.

"Wewe ni Nice Nnko?"

"Ndiyo. Unataka soya au ya njano?"

Tabea alimpa bahasha. Nice alifuta mikono kwenye kanga, akafungua, akatoa cheti nusu, akakirudisha haraka kana kwamba kuna upepo. Kisha akakitoa chote. Alikisoma kuanzia juu, pamoja na namba.

"Umekitoa wapi?"

Mara hii Tabea alieleza vizuri. Alikuwa ameyarudia maneno njia nzima. Alisema ni yeye aliyetengeneza ile tovuti, ni yeye aliyeingiza majina, na hilo la Nice alilibadilisha herufi mwishoni bila hata kujua kuwa anabadilisha.

Nice hakusema asante. Mteja alikuja akauliza bei ya maharage, akamjibu, akampimia, akapokea pesa. Kisha akamgeukia.

"Dada, unajua nilifanya nini? Niliandika jina langu kama lilivyo kwenye cheti. Ikasema halipo. Nikaandika kwa herufi kubwa. Halipo. Nilikaa kitandani naandika jina langu kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaanza kuwaza labda sijui linavyoandikwa. Labda hata hicho cheti sikuwahi kukipata, labda niliota. Jina hili halipo. Nani anamwambia mtu hivyo?"

"Mimi," Tabea alisema. "Niliyaandika mimi hayo maneno. Kosa ni langu, Nice."

"Sasa najua ni lako. Zamani nilidhani ni langu." Alikirudisha cheti ndani ya bahasha, akakiweka kifuani, chini ya blauzi. "Chuo kilishafunga mlango. Kwa hiyo leo hiki ni karatasi tu."

Shangazi yake aliita kutoka upande wa pili. Nice akaenda. Tabea alibaki amesimama mpaka mtu mwenye mkokoteni alipompigia kelele apishe njia.

Kuanzia siku hiyo hakuweza kuishika kazi nyingine. Mwenye nyumba ya wageni alipiga simu, akamwambia atafute mtu mwingine. Alitaka kwanza kuelewa. Alikuwa amekitengeneza kile kisanduku kwa kumwangalia mtu mmoja tu, yeye mwenyewe, anayejua cha kuandika na anayeandika haraka. Akamwomba Azim kona ndogo ya kaunta, akaweka simu pale, na kila aliyekuja kuulizia karatasi alimwomba aitafute mwenyewe mbele yake. Alijiwekea sharti moja: asiseme neno na asiguse. Sharti hilo lilimtesa kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Alikuwa anashika mikono nyuma, anabadilisha mguu, anauma mdomo.

Mzee mmoja aliandika jina moja tu kwa kidole kimoja, akaiweka simu chini, akasubiri ijibu. Hakujua kwamba lazima abonyeze. Mama mmoja aliyekuwa akitafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe aliandika *Angel wa mama Brenda*, kwa kuwa ndivyo mtoto anavyoitwa mtaani. Kijana wa bodaboda hakuandika jina kabisa, aliandika *leseni*. Wapo walioanza na jina la ukoo kama walivyozoea kwenye orodha za shule. Wapo waliochanganya r na l, na wapo waliochoka herufi ya tatu wakaomba waandikiwe.

Nice alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa ametumwa mjini na shangazi yake kununua mifuko, akapita. Alisimama mlangoni akitazama, hakusalimia. Azim alipomwona aliacha mashine ikiendelea kutoa kopi, akatoka nyuma ya kaunta.

"Binti yangu, nilikuelekeza kwenye karatasi ya kiooni wakati cheti chako kilikuwa nyuma yangu. Nisamehe."

"Shikamoo," Nice alijibu. Azim akaitikia, akavuta kigoda, akampisha. Nice akaketi, akaangalia watu wakitafuta, na Tabea akihangaika na mikono yake.

Alirudi tena mara nyingine. Hakueleza kwa nini, na Tabea aliogopa kumuuliza. Alikuwa akija na mifuko yake, anakaa, anatazama, na mara mojamoja anasema jambo. Tabea naye akawa anabadilisha. Majina yote aliyaingiza upya, safari hii herufi kwa herufi kama yalivyo. Akaifundisha mashine kusikia: Nnko na Nko, Sifael na Sifaeli, Melkizedeki kwa namna zake zote, r na l, vikaribiane. Jina moja likatosha, lolote kati ya matatu, kwa mpangilio wowote. Asiyetaka kuandika jina aliweza kuchagua aina ya karatasi. Kitufe kikawa kikubwa, kimeandikwa Tafuta.

"Na yale maneno mekundu?" Nice aliuliza siku moja.

"Nimeyaondoa."

"Umeweka nini?"

Tabea alimpa simu. Iliandikwa: *Bado hatujaiona karatasi yako. Tuachie namba ya simu, ikifika tutakupigia.*

Nice alisoma kimya, midomo ikichezacheza.

"Hapo sawa," alisema. "Lakini bado umeacha rangi nyekundu. Nyekundu ni ya mwalimu anaposahihisha. Weka rangi nyingine."

Tabea aliweka nyeusi.

Watu wakaanza kupata vitu vyao, wengi kuliko mwanzo. Kabati likapungua. Na hapo ndipo lilipokuja tatizo jingine, ambalo Tabea alikuwa amelikaribisha mwenyewe bila kuliona. Sasa ukiandika Solomoni tu, walikuja akina Solomoni wote, majina yote matatu, na aina ya cheti cha kila mmoja. Asubuhi moja aliingia mwanamume nadhifu, viatu vinang'aa, akanyoosha simu. Alitaka cheti cha ualimu cha Solomoni Ayo. Ndiye yeye, alisema. Azim akaenda kabatini, akakileta, na akiwa anatafuta bahasha ya kukitilia akamuuliza kwa mazungumzo tu:

"Ulisomea wapi ualimu, Solomoni? Mimi nina rafiki mwalimu."

Mwanamume yule aliangalia simu yake. Akaiangalia tena. Kwenye simu hakukuwa na jina la chuo. Akasema kitambulisho amekiacha kwenye gari, anakwenda kukichukua. Hawakumwona tena.

Azim alimpigia Tabea. Alipofika, alimkuta amekiweka kile cheti juu ya kaunta na kukilalia kwa viganja vyote viwili.

"Nusura nimpe mwizi maisha ya mtu," alisema. "Mwanzo ulijenga mlango mwembamba hata mwenye nyumba hapiti. Sasa umebomoa ukuta mzima. Hakuna katikati?"

"Ulitaka watu wapate vitu vyao!"

"Wenyewe! Wenyewe ndio wapate!"

"Nikibana, anakosa kama Nice. Nikiachia, anaingia kama huyo. Wewe unafikiri ni rahisi?" Tabea alikuwa ameshatoka nje. Alitembea mpaka mwisho wa mtaa, akarudi, akapita mlango wa duka, akaenda upande wa pili. Azim alimwona akipita dirishani, mara huku, mara kule. Alipoingia tena alikuwa na jasho.

"Ulimuuliza swali," alisema.

"Nilikuwa napiga soga tu."

"Ndiyo, lakini lilimkamata. Hilo swali mimi sikuliweka popote. Mashine iseme kidogo tu: kuna cheti cha Solomoni A., cha ualimu. Basi. Mwaka, chuo, mahali alipozaliwa, hayo aseme mwenyewe akija. Wewe uulize."

"Na asiyejua kuandika kabisa? Na anayekuja hapa kwa miguu?"

"Huyo mfungulie kabati, mzee. Kama zamani."

Azim alikitia kile cheti ndani ya bahasha. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauning'iniza kwenye msumari nyuma ya kaunta, mahali ambapo hata mfanyakazi wake anaufikia. Ile karatasi ya kiooni hakuibandua, ila chini yake aliongeza kwa kalamu: AU INGIA NDANI UTUULIZE.

Solomoni Ayo mwenyewe alikuwa mwalimu wa Usa River. Alipoingia alitaja chuo chake na mwaka hata kabla hajaulizwa, akaongeza na jina la mkuu wa chuo.

Nice aliomba tena nafasi ya chuo mwaka uliofuata, akapata, safari hii Moshi. Hakuja kuaga. Tabea alijua kwa ujumbe mfupi aliotumiwa siku ya kuripoti, neno moja tu: *Wamenisajili*. Alijibu kwa ujumbe mrefu, akaufuta, akatuma *Hongera sana mdogo wangu*. Hakukuwa na jibu. Aliitazama simu mara nyingi siku hiyo, na hata sasa hajui kama amesamehewa. Melkizedeki hukutana naye kanisani Tabea akienda Akheri, humpa mkono, humuuliza habari za kazi. Mwaka ule wa maharage hawauzungumzii.

Azim angependa iandikwe kwamba kazi imekwisha. Tabea anakataa. Aligundua kwamba mashine inasikia vizuri majina ya Meru na ya mjini, lakini majina ya Kimaasai na ya Waarusha inayavuruga. Ng' inaiacha nje, na majina yanayoanza na Lo na Na inayachanganya. Kwa hiyo siku za soko huenda Ngaramtoni na simu yake, anasimama karibu na magunia, anawaomba watu waandike majina yao.

Mara ya mwisho alimkuta bibi mmoja aliyepoteza kadi ya mpiga kura. Tabea alimwamkia, akamkabidhi simu. Bibi akaipokea, akaigeuza, akaitazama pande zote mbili, akamrudishia.

"Andika wewe, mwanangu. Mimi sikusoma. Naitwa Namnyaki."

Tabea aliandika. Kadi haikuwepo. Maneno meusi yakaomba namba ya simu.

"Una simu, koko?" alimuuliza, kwa neno la Kimaasai la bibi.

"Anayo mwanangu. Yuko Mererani, machimboni. Mwezi unaisha hatujaongea."

Tabea alisimama na simu mkononi. Katika yote aliyoyarekebisha, hapakuwa na pa kumweka bibi huyu.

"Unakuja hapa kila soko?"

"Kila soko. Nauza tumbaku pale kwenye mti."

"Basi ikipatikana nitakuja kukwambia mwenyewe. Hata isipopatikana nitakuja kukwambia."

Bibi aliitikia kwa kichwa, akajifunga vizuri shuka, akarudi kwenye tumbaku yake. Tabea aliandika jina lake na mahali anapokaa. Kisha akamgeukia mzee mwenye fimbo aliyekuwa akingoja zamu, akamwamkia, akamwomba ataje jina lake polepole.